Fidla Kifuani

Khocha,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kumjulia mtu hali. Hali yako naijua. Nilikuwepo Matisi siku tuliyokuzika, nikatupa udongo wangu kama wengine, na jioni ile ile nikarudi Bungoma na matope ya kwako kwenye viatu. Wewe ndiye hujui hali yangu. Mwezi wa nne huu natafuta pa kuanzia, na kila nikianza nafuta.

Wacha nianze na jina, maana kila kitu kinatoka hapo. Mimi ni Nasimiyu, mtoto wa dada yako. Nilipozaliwa kule Malakisi mama yenu alikuwa amezikwa mwaka mmoja tu kabla, na wewe na mama mkakubaliana nipewe jina lake. Tangu siku hiyo hukuniita Nasimiyu hata mara moja. Uliniita mama, nami nikakuita khocha, mjomba wangu. Wageni walidhani ni utani wa mjomba na mpwa, lakini kwetu hilo si jambo la mzaha. Anayebeba jina la mzee wako amebeba na heshima yake, na mtu mwenye mvi humpisha kiti mtoto wa miaka sita. Wewe ulizidisha. Nilipokuwa na miaka saba nilikwambia sigara yako inanuka, uache. Ukaacha. Mkeo, Mama Protus, alicheka wiki nzima, akasema yeye amelia na hiyo sigara miaka kumi bila kusikizwa.

Kabla sijafika penye uchungu, nikupe habari. Karakana yako Protus ameikodisha kwa fundi wa mageti. Meza yako bado iko, ila sasa inachomelewa vyuma juu yake na imeungua madoa. Kanisa limenunua kinanda cha umeme kinachojipigia ngoma chenyewe. Ungekisikia ungetoka nje ukajidai unaenda kuangalia mvua. Mama Protus ni mzima, miguu tu ndiyo inamsumbua. Na fidla yako iko hapa kwangu, juu ya kabati, na ndiyo inayonifanya niandike haya yote.

Nakumbuka ulivyoipata, maana ulinisimulia mara nyingi na kila mara ukiongeza chumvi. Uliitwa shule moja nje ya mji wa Kitale kutengeneza madawati, ukaiona stoo katika rundo la viti vibovu vilivyongoja kuchomwa. Shingo imevunjika, kifuniko kimebanduka, nyuzi hazipo. Uliiomba ukapewa. Ulichemsha ngozi ya ng'ombe ukapata gundi, ukaibandika, ukaibana kwa kamba wiki mbili. Kijiti cha kupigia hakikuwepo, basi ukachonga chako, kikapinda kwa nje mithili ya upinde wa mwindaji, ukakifunga nyuzi za mkonge na kuzipaka utomvu. Hukuwa na mtu wa kukwambia fidla inashikwaje. Ujanani Malakisi ulikuwa ukicheza siiriri, ile fidla yetu ya nyuzi mbili ambayo huegemezwa mwilini, basi na hii ukaiegemeza hapo hapo, kifuani, ukainamisha kichwa ukiisikiliza kwa sikio la kushoto. Ikakubali.

Ndivyo ulivyonifundisha, likizo baada ya likizo, mimi nimekaa juu ya rundo la mbao na maranda yananiingia kwenye soksi. Nikiharakisha ulisema, "Fidla haitaki haraka, mama. Ngoja ikuitikie." Ukanifundisha ule wimbo ambao mama yenu aliuimba akipalilia wimbi, ambao mlibaki kuujua watu wawili tu duniani, wewe na dada yako. Ulikuwa na vipande viwili. Cha kwanza kinauliza, cha pili kinajibu. Ukanipa cha kwanza. Cha pili ulisema nitapewa vidole vyangu vikikomaa, kwa sababu kina mruko mbaya pale katikati.

Vidole vilikomaa Nairobi, chuoni. Siku ya kwanza ya darasa nilitoa fidla nikaiweka kifuani, na darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka, aliuliza tu kwa upole ni nani aliyenifundisha kushika hivyo. Nikasema hakuna. Nikasema nilijifunza peke yangu kwa kutazama picha. Sikuchukua hata dakika kukukana, khocha. Ilinichukua miaka miwili kuizoeza shingo yangu kubana fidla chini ya taya, na alama nyeusi ilipotokea pale shingoni niliacha kuvaa kola ili watu waione. Waswahili husema mkataa kwao ni mtumwa. Mimi nilikuwa mtumwa mwenye cheti.

Sasa nifike pale.

Mama alipofariki ulikuja Malakisi na fidla kwenye kisanduku ulichoichongea. Mama Protus alikuwa amebaki Matisi na mjukuu mgonjwa. Mimi nilikuwa nimeshaajiriwa Bungoma, mwalimu wa muziki, na walimu wenzangu walikuja kunifariji, pamoja na rafiki zangu wawili wa Nairobi. Alikuwepo na yule mwalimu wa kwaya ambaye nilikuwa natamani sana anione mtu wa maana. Kwa hao wote nilikuwa nimesema kwetu hakuna aliyewahi kushika fidla kabla yangu. Nilikuwa nimelisema mara nyingi, hata nikaanza kuliamini.

Pasta alipomaliza, kabla jeneza halijateremshwa, ulisimama. Hukuomba nafasi kwa mtu, na kwa nini uombe, ni dada yako. Ukatoa fidla, ukaiweka kifuani, ukainamisha kichwa, ukachukua kile kijiti chako kilichopinda. Nilijua unataka kucheza nini. Nilijua, khocha. Nisijidanganye kwamba sikujua. Ulikuwa umeanza tu kukaza nyuzi nilipomwona yule mwalimu wa kwaya akimwinamia jirani yake, wote wawili wakitabasamu. Labda walitabasamu kwa kupendezwa. Sijawahi kumuuliza, kwa sababu naogopa jibu.

Nikainuka. Nikapita mbele ya watu wote, nikakushika mkono, nikasema, "Khocha, weka hiyo chini. Fidla haishikwi hivyo. Unatuaibisha."

Nilidhani utanikaripia, na ulikuwa na haki. Kwetu hasira ya mjomba si kitu cha kuchezea, tunajua inavyomfuata mpwa kama laana. Lakini wewe ulisema tu, "Sawa, mama. Kama wewe umesema, nimesikia." Ukairudisha kwenye kisanduku, ukakaa.

Mimi nikachukua yangu, nikaibana chini ya taya, nikacheza kipande cha Kizungu cha mtihani wangu wa mwisho. Nilicheza vizuri. Hilo ndilo linalonitia kichefuchefu leo, kwamba nilicheza vizuri na nikaridhika. Mama akateremshwa kaburini bila wimbo wa mama yake.

Miaka ikapita. Nilisikia huchezi tena, nikasema moyoni ni vidole, ni uzee. Kisha, miaka miwili kabla hujafa, tuliitwa walimu wa muziki kwenye mafunzo huko karibu na Kibabii. Somo lilikuwa historia ya fidla. Yule mwalimu mgeni alieleza kwamba zamani, kule Italia ilikoanzia, fidla ilikuwa ala ya harusi na vilabu vya pombe. Wakubwa waliibeza, wakaiita kelele ya wachezaji ngoma. Baadaye ikaingia kwenye kasri za wafalme, ikaingia kanisani, mafundi wa mji wa Cremona wakaichonga kwa ustadi ambao hadi leo watu wanaukimbiza, watunzi wakaiandikia muziki mgumu, hadi ikawa ndiyo kiongozi wa okestra, wengine wote wanaitazama ndipo waanze. Hayo niliyajua. Kisha akaangaza ukutani picha ya kale.

Mtu ameishika fidla kifuani, khocha.

Akaleta nyingine, na nyingine. Baadhi waliiweka begani, baadhi hapo kifuani kabisa, kichwa kimeinama. Akasema hapakuwa na sheria moja. Akasema hata kile kibao cha kuwekea kidevu hakikuwepo kwa zaidi ya miaka mia mbili ya kwanza, na kazi nyingi tunazoziita kubwa zilitungwa na kuchezwa na watu ambao hawakukijua. Kisha akaonyesha vijiti vyao vya kupigia. Vimepinda kwa nje. Akasema hivi vya leo vilikuja baadaye sana, kumbi zilipokuwa kubwa na watu wakataka sauti ya kujaza kumbi hizo. Mwisho akatuonyesha filamu ya wanamuziki wa siku hizi, watu wenye majina huko Ulaya, waliorudi kwa makusudi kushika fidla kizamani, na watu wanalipa kiingilio kwenda kuwasikiliza.

Mwalimu wa kwaya alikuwa viti vitatu kutoka kwangu. Akaandika kwenye daftari lake, akasema kwamba hiyo inapendeza sana. Nami nikatikisa kichwa kukubali.

Wiki iliyofuata niliyafundisha Kidato cha Tatu. Nilichora ubaoni mtu ameshika fidla kifuani, na msichana mmoja akauliza kama basi kushika hivyo si makosa. Nikamwambia si makosa hata kidogo. Nilimwambia mtoto wa watu, na wewe uko Matisi, hapo Kitale, mwendo wa saa chache, hujaambiwa.

Hapa ndipo aibu yangu ilipo hasa. Ile ya kaburini naweza kuisingizia ujana, na ujinga, na msiba. Hii siwezi. Kutoka siku ile ya Kibabii nilikuwa najua, na nilikuwa na miaka miwili mizima. Mara nikasema nikimaliza kusahihisha mitihani. Mara mvua. Mara siwezi kwenda mikono mitupu. Nilikuja Kitale mara mbili na wanafunzi wangu kwa mashindano ya muziki na sikukanyaga Matisi.

Mara ya tatu nilikuja kwako. Unakumbuka, nilileta sukari na mkate, ukaacha randa ukatoka mlangoni ukisema, "Mama, karibu." Tulikunywa chai. Tukaongea habari za mahindi na bei ya mbao, ukanilaumu kwamba nimekonda kama mtu anayelishwa na serikali. Fidla ilikuwa juu ya kabati, kwenye kisanduku chake, na mimi nilikuwa nimekaa mahali ambapo sikuweza kutazama kwingine. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Bungoma. Kisha ukaniuliza, bila kejeli yoyote, ukitaka kujua tu, "Hao watoto wako, wanashika vizuri?"

Na mimi nikajibu, "Wanashika vizuri, khocha."

Mlango ulikuwa wazi hivyo, na mimi nikaufunga kwa mkono wangu. Ukasema hiyo ni vizuri, ukaniongeza chai. Nilikunywa. Nikaaga. Ukanisindikiza hadi barabarani ukinibebea mkoba, kwa sababu huwezi kumwacha mama yako abebe mzigo.

Kisha presha ikakuangusha karakanani, na Protus akanipigia simu saa nne asubuhi nikiwa darasani.

Siku ya tatu baada ya mazishi, siku ya kunyoa nywele, wazee walikaa uani wakauliza kama desturi, ni nani ana neno na marehemu, aliseme lisije likalala na watu. Jirani yako akarudisha msumeno wako. Mzee mmoja akasema mligombana juu ya mpaka na yeye amesamehe, na wewe umsamehe. Mama mmoja wa kanisa akasema ulimtengenezea kitanda na hakuwahi kurudi kukushukuru, akashukuru, akalia. Mzee akauliza tena, kuna mwingine? Nilitazama viatu vyangu. Akauliza mara ya tatu, kisha akafunga. Naona aibu kuandika hili kuliko yote, maana hata mtu wa msumeno alikuwa na ujasiri kunishinda.

Baadaye Mama Protus akaniita jikoni. Alikuwa na kile kisanduku mapajani. Akaniambia niichukue fidla, hapo nyumbani hakuna wa kuigusa. Nikauliza, kwa sauti ya mtu asiyejua kitu, kwa nini uliacha kucheza. Nitakuandikia alivyosema.

"Kanisa ilikuwa inamuomba kila Krismasi. Anakataa. Anasema mama alimkataza. Pasta akamuuliza, si mama yako alikufa kitambo, mzee? Akasema, hapana, ako Bungoma." Akacheka kidogo, akajifuta macho. "Mimi nilijua ni ile utani yenu. Lakini hata peke yake hakucheza. Hata mimi nikimuomba."

Miaka kumi na moja, khocha. Nilifikiri umenuna. Nilifikiri ni vidole. Kumbe ulikuwa unatii. Nilikwambia weka chini, na wewe hukumsikia mwalimu kijana anayewaonea haya watu wa kwao. Ulimsikia mama yako. Jina mlilonipa kwa mapenzi nililitumia kukufunga mikono, na sikujua nimekufunga, na nilipojua hukuwepo tena, sikuwa na… Sijui naandika nini. Nilimwambia Mama Protus asante, nikabeba kisanduku. Hadi leo sijamwambia kwamba ni mimi.

Na wimbo umekwenda na wewe. Nimeutafuta. Nilikwenda Malakisi mwezi uliopita, nikawauliza akina mama wazee wote waliolima na mama yenu. Mmoja alinung'unika kitu, kikawa wimbo mwingine kabisa wa kubembeleza mtoto. Mwingine akaniambia, "Si ungemuuliza mjomba wako?" Hakuwa na nia mbaya. Nilikaa nje ya nyumba yake nikalia hadi mbuzi wake wakanizoea.

Mama Protus anataka kaburi lijengewe Desemba. Amesema nije na wanafunzi wangu wacheze, na pasta amekubali, na walimu wenzangu wamesema watakuja, mwalimu wa kwaya akiwa mmoja wao. Nimejaribu fidla yako. Gundi yako haijaachia popote. Kifuani mwangu inakataa bado, inateleza, vidole vimesahau, lakini naipa nafasi kila jioni, na juzi jirani aligonga ukuta kulalamika, basi nadhani tunasonga mbele.

Ahadi yangu ni hii. Nitakwenda kwa Mama Protus kwanza, kabla ya Desemba, nimwambie jikoni mwake, peke yetu, afanye na mimi atakavyo. Kisha siku ya kaburi nitasimama mbele ya wote. Sitasema tulikosana. Sitasema palikuwa na kutoelewana. Nitasema nilichokwambia kule Malakisi, neno kwa neno, na nitasema nilikuwa nimewaongopea kwamba kwetu hakuna aliyeshika fidla kabla yangu. Nitaishika kifuani, kwa kijiti chako, nicheze kipande cha kwanza. Kikiisha nitaacha hapo hapo. Sitatunga jibu ambalo silijui. Wakae kimya wangoje kinachofuata, wajue hakiji, na wajue ni nani aliyekifanya kisije.

Nakuaga, khocha. Pumzika. Samahani ni neno dogo na nimelichelewesha, lakini sina lingine.

Na ukimkuta mama yako huko uliko, usimpite kando ukidhani ana neno na wewe. Mwendee. Hajawahi kukukataza kitu. Siku ile ni mimi niliyekukataza, mimi peke yangu.

Mtoto wa dada yako